Udongo wa Chini ya Paini

Makambako, Alhamisi

Na sitautupa! Leo shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, kanikuta kitaluni najaza kwenye viriba vya miche ya paini udongo wenye utando mweupe wa kuvu niliouchota chini ya miti mikubwa ya paini. Akacheka mbele ya wateja: “Shemeji, unawauzia watu ukungu!” Wawili wakaondoka. Imeniuma, na hofu ninayo.

Lakini mwaka jana si nilimsikiliza aliposema udongo huu ni mchafu? Nikaukaanga udongo kwenye pipa ili uwe safi, miche yote ikawa njano. Mizizi ya paini huita kuvu ile nyeupe kwa kemikali. Kuvu ikijibu, hujishika kwenye mizizi na kuiletea chakula cha udongoni, mche unakula. Mimi nilikuwa nimeiua. Mizizi ikaita, hakuna wa kuitika.

Kesho nachota ndoo nyingine. Acheke tu. Mizizi haimwiti yeye.