Sauti ya Kinyanjui Katika Gari la Serikali

Bondeni, Nakuru
14 Agosti 1955

Mpendwa ndugu yangu Kang'ethe,

Nakusalimu wewe, na wifi yangu Mboni, na watoto wote wa nyumba yako huko Tabora. Je, homa ya Mboni imepoa? Hapa Nakuru baridi ya mwaka huu imetukamata vifua. Nilikohoa mpaka sauti ikapotea, lakini sasa nimerudi kazini kwa wazungu wangu, nalea watoto kama kawaida. Naandika kwa Kiswahili ili Mboni naye ajisomee, maana haya ni mambo ya nyumba yake pia.

Barua hii anakuletea Abdisalam, jirani yangu hapa Bondeni, anayekuja huko kutazama ndugu zake. Mpe chai, ni mtu mwema. Nimeogopa posta, kwa sababu siku hizi barua zetu zinafunguliwa.

Barua yako ilifika, ile uliyoandika baada ya kuona picha ya Baba katika gazeti, akishikana mkono na mzungu wa serikali. Umesema wenzako wa reli walikucheka, na kwamba hutamwita baba tena mpaka ajieleze. Sikukasirika. Ningekuwa huko na kuliona gazeti lile, labda ningeandika vivyo hivyo. Lakini Baba hajui kuandika, kwa hiyo nitaeleza mimi. Keti kwanza, ndugu yangu, tena usiruke mbele. Soma kama nilivyopanga, maana lipo jambo zito.

Unakumbuka nilikuandikia mwaka jana kwamba mdogo wetu Kinyanjui amekamatwa, huko shambani Kabazi, siku askari walipozunguka laini za nyumba za wafanyakazi. Hakusomewa kosa lolote. Mkewe Wachuka alibaki na mtoto wao Mugure katika nyumba ya Baba. Tuliuliza kila ofisi, tukaambiwa tungoje.

Tukangoja mpaka gari likaja. Watu wanaliita gari la mdomo, kwa vile lina kipaza sauti juu yake. Linazunguka shamba hadi shamba, na siku likifika kazi inasimamishwa, watu wote wanaketishwa kwenye nyasi, hata wazee na wagonjwa. Kwanza hupiga muziki, kisha hutoa habari: fulani amejisalimisha, watu wa msituni wanakula mizizi, serikali inawapenda raia wake. Tulikuwa tumezoea kukaa pale bila kusikiliza. Siku moja mwezi wa Aprili mwaka huu nilikuwa nimepata pasi ya kwenda kumtazama Baba, nami nikaketishwa pamoja na wengine. Muziki ulipokwisha, nikasikia, "Mimi ni Kinyanjui, mwana wa Naftaly, wa Kabazi."

Unaijua sauti ile. Kutoka Subukia mpaka Bahati hakuna kanisa ambalo Kinyanjui hakuliongoza katika nyimbo. Nadhani ndiyo sababu walimchagua yeye. Sauti ya mgeni tungeiacha ipite.

Alisema alikula kiapo cha watu wa msituni kwa kudanganywa. Alisema katika kambi alimofungwa wanakula nyama na kufundishwa useremala. Akatuomba tuwataje wote tunaowajua, kama yeye alivyokwisha kuwataja. Neno hilo la mwisho ndilo lililotuharibia kila kitu.

Wachuka alilia kwa furaha, kwa kuwa mumewe yu hai. Baba aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka tuliporuhusiwa kuondoka. Tulipofika nyumbani akasema mtu aliyesema vile si wa nyumba yake, na hataki kusikia jina lake.

Wiki iliyofuata wanaume wawili wa laini walichukuliwa, na kila mtu akaona ni Kinyanjui aliyewataja. Wanawake wakawa wananyamaza Wachuka akifika mtoni. Kanisani Baba aliketi peke yake katika benchi lake. Wale waliotengeneza maneno yale, Kang'ethe, walitujua sana. Zamani mtu akichukuliwa, laini nzima ilimlilia pamoja. Baada ya sauti ile kila nyumba ilifunga mlango wake, ikawa inamchungulia jirani.

Kilichonivunja zaidi ni Wachuka. Alianza kulifuata gari. Akisikia kesho litakuwa shamba fulani, anaomba ruhusa, anambeba Mugure mgongoni na kwenda kuketi na watu wasiomjua, ili amsikie mumewe. Aliniambia maneno ni yale yale, na kikohozi ni kile kile, mahali pale pale, lakini hakujali. Mugure, ambaye baba yake alimwacha akiwa hajui kutembea, alijifunza kwamba baba yumo ndani ya gari. Likiondoka alilikimbilia akiita, "Baba! Baba!", na watu wakageuza nyuso pembeni.

Ikawa hivyo mpaka mwezi wa Juni, Kosgei alipokuja likizo. Huyu ni Kosgei mliyechunga naye ndama mkiwa wadogo, wewe na Kinyanjui. Alikuwa ameajiriwa askari wa kambi, na kambi yenyewe ndiyo alimokuwa Kinyanjui. Alikuja kwa Baba amevaa nguo za nyumbani, akakataa kuketi. Nilikuwepo, nimepeleka sukari.

"Mzee," akasema, "nimekuja kukwambia habari za Kinyanjui. Nisipokwambia mimi, hakuna mwingine atakayekwambia."

Baba akamjibu kwamba hapo hakuna mtu wa jina hilo.

"Alikufa, mzee. Tumbo lilimwendesha mpaka akaisha. Alikufa kabla ya mvua za masika."

Wachuka akasema polepole, "Lakini nilimsikia juzi."

Kosgei hakumtazama. "Ulisikia mashine, mama. Waliikamata sauti yake akiwa tayari mgonjwa."

Alitueleza yote. Karani alikuwa na maneno yake kwenye karatasi, akayasoma moja moja, Kinyanjui akayarudia. Aliahidiwa kwamba akimaliza atapelekwa hospitali. Hakupelekwa. Baba akauliza kama aliwataja watu. Kosgei akasema hakumtaja hata mmoja, kwamba alipigwa kwa ajili hiyo hiyo, na kwamba maneno ya kutaja yalikuwa ya karatasi. Kaburi liko nyuma ya kambi pamoja na mengine, halina alama.

Basi hiyo ndiyo habari, ndugu yangu. Kinyanjui wetu hayupo. Gari lilipofika Kabazi na sauti yake mara ya kwanza, alikuwa ameshazikwa.

Pumzika kidogo hapa kama mimi nilivyopumzika.

Baba hakulia. Alimkalisha Mugure mapajani, akamwambia, "Baba yako alikuwa Kinyanjui. Alikuwa mtu mzuri." Wachuka alitoka nje, akaketi chini kando ya nyumba, na hakuna aliyeweza kumwinua mpaka jua likapungua.

Gari likaja tena, safari hii na mzungu mgeni asiyejua Kiswahili, na mwingine mwenye kamera. Nilikuwa bado Kabazi. Sauti ilisema yake, ikaisha. Mzungu akauliza, kupitia mkalimani wake, kama kuna mwenye neno. Mara zote huwa hakuna. Baba akasimama.

"Bwana," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "huyo anayesema ni mwanangu. Amekufa tangu kabla ya masika. Naomba nionyeshwe mahali alipozikwa, na sauti yake iachwe ipumzike."

Mkalimani alitazama miguu yake. Kisha akamgeukia mzungu na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mzee amefurahi kusikia habari za mwanawe na anaishukuru serikali. Nimelea watoto wa wazungu miaka mingi, Kiingereza cha namna hiyo kinaniingia vizuri. Mzungu akatabasamu, akashuka, akampa Baba mkono.

Baba alidhani anapewa pole. Ndiyo maana katika picha umemwona ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

Nilimwambia ukweli tukiwa njiani kurudi, kwa kuwa sikutaka ausikie kwa mtu mwingine. Alisimama, akaufuta mkono wake kwenye koti, akaufuta tena, halafu tukaendelea kutembea.

Picha imekwenda kila mahali, hata kwako, na chini yake wameandika wanavyotaka. Wasomaji wa gazeti watakuwa elfu ngapi, sijui. Lakini watu wa Kabazi walimsikia Baba kwa masikio yao. Siku ile ile walikuja nyumbani, mmoja na kuni, mwingine na maziwa, hata wake za wale wanaume wawili waliochukuliwa. Mmoja wao alimkumbatia Wachuka. Tukamlilia Kinyanjui bila mwili wake, na nyimbo zake tukaziimba wenyewe.

Barua yako sikumsomea Baba. Nilimwambia tu mnamsalimu, na akaniuliza kama umenenepa. Amekonda sana, kazi ya ng'ombe ameacha. Mwandikie nyingine, Kang'ethe. Usimwombe ajieleze.

Gari bado linakuja, na bado sauti ya Kinyanjui imo. Nilikwenda tena Jumapili iliyopita. Aliposema jina lake, Baba aliinuka akavua kofia. Mzee Kipchoge, jirani yake, akainuka naye. Halafu laini nzima, wanawake na watoto, Wachuka akiwa amemshika Mugure mkono. Mzungu wa gari alifurahi sana, na chifu akamwambia watu wa hapa sasa wamejifunza heshima. Tulisimama hivyo, kimya, mpaka mtu wetu akamaliza kusema.

Wachuka anawasalimu, na Mugure pia, na Kosgei ambaye ameacha kazi ile. Mama Mastura, mke wa Abdisalam, anamsalimu Mboni ingawa hawajaonana. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu ajuaye alipolala ndugu yetu awatunze huko mliko.

Mimi dada yako, ambaye upendo wake kwako haujapungua,
Wangare