Kikombe cha Mama Claudia

Mama Yuster, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, leo naituma hivyo hivyo ilivyo, naomba unisaidie mawazo na jina langu ulifiche.

Kazi yangu ni kujenga majiko banifu, yale ya udongo yanayotumia kuni chache na kutoa moshi nje. Naishi Nyakanazi, wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga, ila wateja wangu wengi wako Ngara, Bugarama na Kanazi, na jiko moja linachukua siku mbili, kwa hiyo mimi siyo mtu wa kupiga hodi na kuondoka, nashinda jikoni kwa watu kutwa nzima, na ukweli naipenda kazi hii kwa sababu ya hizo nyumba, maana kila nyumba ina mambo yake na mimi napenda kujua. Kuna nyumba nilikuta runinga imefunikwa kitambaa cha kufuma na umeme haujawahi kufika, nikauliza, baba mwenye nyumba akasema inausubiri. Kuna nyumba nyingine mke na mume waligombana kwa Kisukuma mbele yangu, nichinjiwe kuku au nipewe maharage, hawakujua kwamba nasikia kila neno, na kuku alipoletwa nilimla nimeinamisha uso.

Sasa mwezi wa sita nilijenga jiko Bugarama kwa Mama Claudia, familia yao ilitoka Burundi miaka mingi wakakaa, mama mpole, analima, ana watoto wanne. Saa nne akaniletea juisi ya ndizi kwenye kikombe kikubwa, akasimama mbele yangu, akanywa funda moja yeye, ndipo akanikabidhi. Nikafuta mdomo wa kikombe kwa ncha ya kitenge changu, nikanywa kidogo. Kesho yake akafanya vilevile, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, mama samahani, kunywa halafu kumpa mgeni siyo ustaarabu, mate yana magonjwa, mtu aliyesoma hawezi kupokea. Akaniangalia, akaomba radhi, akaenda kuleta kikombe kingine. Mimi nikarudi nyumbani nimefurahi kwamba mbali na jiko nimemfundisha na usafi.

Mwezi wa nane akanialika komunyo ya kwanza ya binti yake Claudia. Watu walijaa, akawa anapita na kumimina pombe ya ndizi bila kuonja, kama nilivyomwambia, na mimi nikanywa yangu yote kwa raha, lakini nikaona wenzangu wanapokea wanaweka chini, mmoja anasema ameshiba, mwingine anasema ana dawa, hadi tunaondoka vikombe vimebaki vimejaa. Nikajiuliza sana, hawa watu wana nini, ila nikakosa wa kumuuliza.

Wiki tatu zilizopita nipo Kanazi kwa Bibi Ildefonsa, naye akanywa funda kabla ya kunipa. Safari hii nikauliza. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, ni ili ujue hakina kitu. Kama kina kitu, nianze kufa mimi." Mama Yuster, udongo ulinikaukia mikononi.

Nilikwenda moja kwa moja Bugarama kwa kisingizio cha kukagua nyufa za jiko. Nyumba kimya. Nikambana, akanieleza kwamba kikundi chao cha akina mama hukutana kwa zamu, zamu yake imerukwa mara mbili, na shemeji yake amekataza watoto wake wasile kwake, wanasema anaweka sumu. Nikamwambia, si ungewaeleza kwamba ni mimi niliyekukataza? Akasema, "Waliniuliza nani kanifundisha, nikanyamaza. Wewe unaishi kwa kuingia nyumba za watu, mimi nyumba yangu ni moja." Nikamwambia basi anza tena kuonja, akasema, "Nikionja leo, watauliza siku ile kulikuwa na nini." Halafu akaniambia niache, yatapita.

Nina wateja kumi na wanne wanaonisubiri Bugarama, wakijua ni mimi niliyemtukana mwenyeji wangu nadhani milango yote itafungwa, na mwenyewe ndiye aliyeniambia niache, lakini silali vizuri. Niseme au ninyamaze?

Mimi fundi jiko,
Nyakanazi

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha. La mwenyeji wako na la bintiye hukuniomba, nimeyabadilisha mwenyewe. Lifikirie hilo kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Nimekucheka kwenye ile ya kuku, na mambo yako ya kuulizauliza nimeyapenda. Ndiyo maana nimekukasirikia. Uliona runinga haina umeme ukauliza. Uliona vikombe vimejaa ukajiuliza. Siku ambayo swali lilihitajika, mama wa watu amesimama mbele yako anakuhakikishia uhai wako kwa uhai wake, wewe ukatoa somo. Hukuuliza kwa sababu ulishajiona unajua, na neno "aliyesoma" ndilo lililomnyamazisha.

Kuhusu mate sibishani nawe, hofu yako ni ya kawaida. Ungesema tu, mama, tumimine vikombe viwili, wewe unywe chako kwanza. Angekubali, na leo usingekuwa unaniandikia. Ukiingia nyumba nyingine fanya hivyo.

Unauliza unyamaze kwa kuwa yeye amesema uache. Pole, hapo hapana mlango wa kutokea. Mwenyeji humwambia mgeni kwamba hakuna shida hata kama shida ipo, na huyu bado anakukaribisha. Sumu siyo neno la kupita, mwanangu. Watoto wake watakua wanaitwa watoto wa yule mama, na Claudia atafika umri wa kuposwa neno hilo linamsubiri.

Wateja wako nao nimewafikiria. Huenda wawili watatu wakakukataa, nawe utaumia, na utastahili kidogo. Lakini mtu akikosea akaja mwenyewe kusema, watu humsema wiki moja wakachoka. Wakija kuyajua kwa mdomo wa mwingine, hawachoki.

Sasa sikiliza. Nenda Bugarama wiki hii, usimpigie simu. Mwombe ruhusa yeye kwanza, akikataa kaa hapo jikoni umwombe tena, jiko si ulijenga wewe. Awaite wale akina mama wa kikundi, na shemeji yake asikosekane. Usibebe soda za Nyakanazi, kinywaji kitoke ndani kwake. Wakishakaa, simama useme kwa mdomo wako kwamba wewe ndiye uliyemkataza kuonja, kwamba hukujua maana yake, na kwamba yeye amebeba aibu miezi yote hii akikuficha wewe. Ishie hapo, habari za magonjwa usiziguse. Kisha mwombe amimine, aonje mbele yao wote, akupe wewe wa kwanza.

Unywe hadi kiishe. Na mdomo wa kikombe usiufute.