Alichosema Mama Yako Kaburini

Kimani, rafiki yangu,

Mama yako amefika, ila tulikuwa tumekwisha kukuzika. Huko serikali ilikowahamishia watu wa kabila lenu walipofukuzwa kwenye mashamba ya walowezi, pasi yake ya kusafiri ilicheleweshwa. Nilimpokea stesheni hapa Nakuru. Alikuwa amekubebea viazi vitamu vya kuchemsha. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nimemwambia mimi.

Nataka kukuandikia ilivyokuwa, kama tulivyoandika hadithi zetu jioni, wanafunzi wakishaenda nyumbani. Unakumbuka tulivyogombana? Watu wa hadithi zangu hawakuwa “wakisema” tu: walifoka, walinguruma, walisihi. Ulikuwa ukiyakata maneno hayo yote kwa penseli nyekundu, unaandika “alisema.” “Maneno yakiwa na uchungu, Kiprono, msomaji atausikia mwenyewe,” uliniambia. Nikakuita mvivu. Ukacheka hadi ukakohoa. Siku hizo kikohozi chako kilikuwa bado kitu cha kutuchekesha.

Basi, tulisimama kaburini. Mama hakulia. Aliokota majani makavu juu ya udongo, kisha akaniuliza kama ulikula siku ile ya mwisho.

“Alikula, mama,” nikadanganya.

Hapana. Neno hilo la mwisho nimelikata, maana ungelikata wewe.

“Alikula, mama,” nikasema. “Uji. Akamaliza kikombe.”

Hata maji hukuweza kumeza, Kimani. Kikombe nilikishika mimi.

“Basi ni vizuri,” mama ... na hapa nimekwama tangu asubuhi. Alinong’ona? Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alishukuru? Alilalama? Karatasi imechafuka kwa kukatakata. Kila neno ninaloweka linamfanya awe mtu mwingine, na yeye alikuwa mama yako tu, amesimama na viatu vyenye vumbi.

Alisema. “Basi ni vizuri,” alisema mama. Halafu akaketi chini, akavunja kiazi kimoja, akanipa nusu. Tulikula karibu nawe. Sikuweza kumtazama.

Darasa lako amepewa mwalimu kutoka Molo. Ni mtu mzuri. Bado nashindwa kukaa naye wakati wa chai.

Ile hadithi yetu ya dereva wa gari la moshi nitaimalizia, na jina lako litatangulia langu. Shule zikifungwa nitamfuata mama yako kule alikorudi, kwa kuwa mimi, nisiye wa kabila lenu, siulizwi pasi. Atakapotaka kusikia habari zako nitakaa hadi atakapochoka kuuliza.

Pumzika, ndugu yangu. Nimebaki peke yangu, na sijui kukaa hivyo.

Kiprono