Daftari la Alhamisi

Sydenham, Durban

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mjomba Ramadhani aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi za zahanati bila kushikwa mkono, lakini mjomba ni mtu wa kutanguliza mazuri, kwa hiyo nasubiri kusikia kutoka kwako. Na paa la jikoni je? Fundi amerudi, au bado yuko kwenye ule msiba wake wa Kasulu usiokwisha? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeingia, si ya kutisha, ila asubuhi nanawa uso haraka. Kazi ni zile zile: natuma habari redioni mara mbili kwa wiki, na siku nyingine natafsiri hospitali kwa wagonjwa wa kwetu wasiojua Kiingereza wala Kizulu.

Umeniuliza bila kuzunguka, nami nitakujibu hivyo hivyo. Kijana wa jirani aliyerudi kutoka huku amekwambia aliniona kwenye foleni ya chakula cha msaada. Aliniona kweli, ila hakutazama nilikokuwa nimekaa. Nilikuwa upande wa pili wa meza, nagawa. Siku nikihamia upande ule mwingine nitakuandikia pia.

Mahali penyewe wanapaita benki ya chakula. Ni ukumbi wa kanisa, una meza ndefu na jiko lisilowaka. Kila Alhamisi asubuhi lori linatoka ghala moja la Pinetown, ambako maduka makubwa hupeleka chakula kizima ambacho hakitauzwa tena: mkate wa jana, kabichi zilizochubuka, mikebe iliyobonyea, mifuko ya unga iliyopasuka kona. Sisi wa kujitolea tunachambua, tunatupa kilichooza, tunafunga vifurushi, kimoja kwa kila nyumba. Wanaopokea wengi ni Warundi na Wakongo. Watanzania wapo wachache, na wapo Wazulu na Wahindi wa mtaa huu huu ambao maisha yamewabana.

Msimamizi ni mama wa Kihindi, muuguzi mstaafu, tunamwita Auntie Sheila. Ufunguo wa ukumbi anauvaa shingoni na hamkabidhi mtu, hata mchungaji. Mkuu wa mboga ni Baba Josué, Mkongo wa Uvira, fundi viatu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Hawa wawili walianza kwa ugomvi. Auntie alikuwa akikata majani ya bitiruti na kuyatupa. Baba Josué akayatoa kwenye pipa mbele ya macho yake, akayaosha, akayapanga mezani.

"Auntie," alimwambia, "hii unatupa ndiyo mboga. Ile nyekundu ndiyo takataka."

Auntie akamjibu kwamba ile nyekundu inaongeza damu. "Basi kula weye," akasema Baba Josué, "unapauka." Tangu siku hiyo wanakunywa chai pamoja.

Sasa nikueleze kosa langu. Miezi miwili iliyopita ghala la Pinetown lilituambia kwamba kila kifurushi lazima kiwe na jina la mwenye nyumba kwenye orodha. Baada ya wiki chache angekuja ofisa kukagua, na vifurushi visivyo na mwenyewe vingehamishiwa mtaa mwingine. Auntie alinipa kazi hiyo mimi, akisema mtu wa habari anajua kuandika. Nikanunua daftari kubwa, nikachora safu: jina kamili, nchi, mtaa, namba ya simu, namba ya kibali cha kuishi. Ghala lilitaka jina tu. Mengine niliyaongeza mwenyewe. Unamkumbuka mhariri wangu wa kule Dar es Salaam, aliyekuwa akifuta kila sentensi isiyo na mtu mwenye jina na anwani. Nilidhani hata unga unagawiwa hivyo.

Alhamisi ya kwanza niliketi mlangoni na daftari wazi. Mama wa kwanza alizitazama zile safu, akasema amesahau mfuko nyumbani, akaenda zake. Wa pili alinitajia jina polepole mno, nikajua analitunga. Nyuma yake foleni ikaanza kupungua kutoka mkiani. Adhuhuri karibu nusu ya vifurushi vilikuwa bado mezani. Wiki iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Hakuna aliyenilalamikia. Watu wetu hawagombani na karatasi, wanaikimbia.

Baba Josué alisubiri tukiwa tunafagia.

"Kaka, unajua batu banasema nini? Banasema umeanza kazi ya polisi."

"Wanaijua kazi yangu."

"Banajua. Ndiyo maana banaogopa. Kule kwetu, jina yako ikiandikwa na namba ya nyumba, kuna mwenye atakuja kugonga. Na hapa, si unaona bale ba kufukuza wageni, benye banasimama kwenye mlango ya kliniki banauliza makaratasi? Siku moja batafika hapa. Batakuta kitabu yako iko mezani. Iko kila kitu. Hata njia ya kufika."

Nilimwambia daftari linafungiwa kabatini.

"Kabati ya kanisa?" akasema. "Ile naifungua na kijiko."

Miongoni mwa waliotoweka alikuwa mwanamke mmoja wa Makamba, Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, tunayemwita Mama Furaha. Ana watoto wawili wa kiume na ana mimba ya miezi saba. Mumewe alikwenda Johannesburg kutafuta kazi ya ujenzi, na simu yake haijapatikana tangu kabla baridi haijaanza. Yeye anauza parachichi. Kifurushi cha Alhamisi kilikuwa kinailisha nyumba ile mpaka Jumatatu, naijua hesabu hiyo kwa sababu aliwahi kunieleza mwenyewe, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Auntie Sheila naye aliona mbele kuliko mimi. Alisema ofisa akikuta nusu ya vifurushi havina watu, ataondoka na nusu ya lori, na hata waliokimbia wakirudi hawatakuta kitu. Akamtaja Mama Furaha wa kwanza. "Muuguzi anajua mimba inavyoonekana mama asipokula," alisema. "Wewe umemtisha. Wewe ukamtafute."

Nilimkuta kwenye soko la Warwick, chini ya daraja, nyuma ya wauza mitishamba, ameketi juu ya kreti na ndoo mbili za parachichi mbele yake.

"Karibu, Baba Redio," alisema. "Umekuja na pesa au umekuja na swali?"

"Vyote."

"Anza na pesa."

Nilinunua manne. Kisha nikamwambia hajaonekana Alhamisi tatu. Akasema naye amezihesabu. Nikamuuliza watoto wanakula nini.

"Parachichi zisizouzika. Wameanza kunitazama vibaya." Alipanga ndoo yake upya. "Baba, mimi sikukatai wewe. Wewe ni mtu, nakuona. Nakataa lile daftari. Wewe utakwenda kulala, lenyewe litabaki. Nani analisoma ukiwa umelala?"

Hilo sikuwa nimejiuliza. Nilimweleza ukweli: ghala linataka jina la mwenye nyumba tu, yale mengine ni ujuaji wangu.

"Basi andika jina."

"Lipi?"

"Hilo unaloniitia."

"Mama Furaha?"

"Hilo. Hakuna ofisi inayolijua. Lakini ukiliuliza hapa Warwick, mtu yeyote wa kwetu atakuleta mpaka kwenye kreti hii."

Dada, nimemjua mwanamke huyu mwaka wa pili sasa, na ndipo nilipotambua kwamba sijui jina lake jingine, wala silihitaji. Kwa mazoea ya kazi nikauliza swali moja zaidi: kati ya wale wanawe wawili, Furaha ni yupi?

"Hayupo kati yao. Alikuwa msichana, wa kwanza. Alizaliwa njiani tukikimbia, akafa siku ya sita." Alichukua parachichi moja, akalibonyeza karibu na kikonyo, akaniongezea kwenye mfuko. "Hili ni la kesho. Usilikate leo."

Alhamisi iliyofuata nilichana kurasa zote nilizokuwa nimeandika, mbele ya foleni, na Baba Josué akazichoma ndani ya pipa uani. Alitangaza kwa lugha nne. Halafu tukaanza upya, safu moja tu: Mama fulani, Baba fulani. Nilidhani Auntie Sheila atapinga. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema mama mkwe wake hakuwahi kumtaja kwa jina maisha yake yote, alikuwa Mama wa Vishal tu, naye mwenyewe humwita mumewe Baba wa Vishal mpaka leo. Bibi mmoja wa Kizulu aliyekuwa akisubiri mkate alisema kwao ni hivyo hivyo, tuandike Mama kaThabo, yaani Mama wa Thabo, na tumpe mkate usiochomwa sana. Tatizo lilikuwa moja. Tulikuwa na akina Mama Divine watatu. Baba Josué akasuluhisha: Mama Divine Mrefu, Mama Divine wa Karanga, na Mama Divine wa Kanisa la Juu. Yule Mrefu si mrefu, ila wale wengine ni wafupi zaidi.

Foleni ilirudi, si yote. Mama Furaha sikumwona. Nilikuwa nimeandika jina lake, lakini nilimwambia Auntie wazi kwamba ofisa akija, sitalipigia tiki kama mwenyewe hayupo. Akasema hakutegemea nifanye vingine.

Ofisa alikuja wiki iliyopita. Mzulu wa makamo, shati limepigwa pasi. Alilisoma daftari ukurasa baada ya ukurasa.

"Haya si majina," alisema.

"Yaite," akasema Auntie Sheila, "uone kama hawaitiki."

"Nitajuaje kama mtu mmoja hajaitika mara mbili kwa majina mawili?"

Nilikuwa natafuta maneno ya heshima. Baba Josué hakuyatafuta. Alimjibu kwa Kiingereza chake, nami nakuandikia kama anavyosema kila siku: "Chef, mkubwa wangu, mama hawezi kuitika jina ya mtoto ya mwenzake. Ni kama kumuiba ule mtoto. Mwenye mtoto iko hapa hapa kwenye foleni. Acha mmoja ajaribu. Utaita ambulance."

Ofisa hakucheka, lakini aliomba kalamu. Akaanza kuita. Aliita vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa lafudhi ya Kizulu, na walioitwa walisogea mmoja mmoja, wakapokea, wakatoka. Alipofika kwa akina Mama Divine, walisogea wote watatu kabla hajamaliza, wakarudi nyuma wawili, na hapo akatabasamu. Katikati ya ukurasa akasimama, akaniambia kwamba mama yake mzazi mtaa mzima unamwita mama wa Sipho, na Sipho ni kaka yake. Yeye mwenyewe jina la mama yake la kwenye kitambulisho alilijua akiwa shule tayari. Kisha akaendelea.

"Mama Furaha."

Hakuna aliyesogea. Alisubiri, akashusha kalamu pembeni ya jina. Nilitazama meza.

"Ita tena," akasema Auntie Sheila.

"Mama Furaha."

"Ni mimi."

Alikuwa mlangoni, na ndoo mikononi. Alikuwa ametoka Warwick kwa miguu, akipandisha kilima chote na tumbo lile. Watu walimpisha. Ofisa akapiga tiki, akamkabidhi kifurushi yeye mwenyewe badala ya kutuachia sisi.

Lori limebaki zima mpaka mwisho wa mwaka, kisha watakagua tena. Wapo ambao hawajarudi, na sina hakika watarudi, kwa hiyo nisikupambie. Lakini wiki hii tulipungukiwa mkate, jambo ambalo miezi miwili hii lilikuwa halijatokea, na Auntie Sheila alilichukulia kama habari njema.

Ofisa alipoondoka, Mama Furaha alikuja mezani, akasema, "Nionyeshe." Nikaligeuza daftari upande wake. Anasoma kidogo. Alipita na kidole mpaka akafika.

"Mtoto huyu hajawahi kuandikwa popote," alisema. "Tulipofika kambini waliandika waliokuwa hai." Aliinama karibu zaidi. "Wino wako umefifia hapa. Rudia."

Nikachukua kalamu, nikapita tena juu ya herufi zile, moja baada ya nyingine, naye akasimama akitazama mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza kama kuna maharage.

Nisalimie shemeji, umwambie betri ya redio anayoitaka nimeipata na itakuja na mtu wa kuaminika, si yule wa mara ya mwisho. Mjomba Ramadhani nampa shikamoo yake. Mpwa wangu aliyeanza kufundisha mwambie darasa la watoto wengi halimshindi mwenye mama kama wewe. Bibi wa nyumba ya pili, aliyenifundisha kusoma kwa kunipiga vidole, naye usimsahau.

Kanda goti lako kwa maji ya moto jioni, na fundi mwambie misiba ina mwisho.

Mdogo wako, mzima wa afya na mwenye kushiba,
Hamisi