Pikipiki ya Mwalimu Hezroni

Bondeni, Kyela

Mama mpendwa, shikamoo.

Huku mvua haipungui na mpunga umestawi. Nimenunua pikipiki iliyotumika ya mwalimu mstaafu, Hezroni, ya kunipeleka kazini zahanati ya Mwaya. Alikataa kuniuzia mpaka nimpakie. Tulipotumbukia kwenye jaruba la mpunga, akacheka: "Nesi, kuanguka umeshajifunza. Chukua funguo!"

Jana nilifika kwa wakati, nikamzalisha Lusungu mapacha. "Ndaga fijo," alinishukuru. Kwa miguu ningechelewa.

Najua tulipomzika kaka Wilbroad baada ya ajali ile, nilikuahidi sitapanda pikipiki kamwe. Ndiyo maana nilinyamaza. Nisamehe, Mama. Naendesha polepole mpaka bata wananipita, na kofia ngumu nimenunua mpya. Kila nikifika nitakupigia, asubuhi na jioni.

Binti yako,
Dorothea