Doa la Mkaguzi

Jumapili, 12 Januari 2025

Leo mume wangu Marhoon kaniomba kitu ambacho sijapata kuombwa na bibi harusi yeyote. Anataka nilipake gari lake hina! Si hina hasa, ni rangi. Lakini mkono anaoutaka ni ule wa hina.

Ni lile gari la Kimarekani la marehemu baba yake, la mwaka sabini, milango miwili, injini ya kutisha. Miaka yote hii limekaa bandani chini ya turubai. Sasa liko Rusayl kwa Thabit, aliyesoma naye, mwenye karakana. Walipolikwangua uchafu wakakuta alama chini yake. Namba za chaki kwenye bati la injini. Mstari wa buluu kwenye shafti. Madoa ya manjano juu ya vichwa vya boliti. Na neno OK, limeandikwa na mtu mwenye haraka zake. Alama za wakaguzi wa kiwandani, hazijafutika tangu mimi sijazaliwa! Wakazipiga picha kabla ya kupaka gari rangi mpya, na sasa lazima zirudi vile vile, pale pale. Kuna mashindano ya magari ya kale kule Yiti, nje ya mji, Ijumaa ya wiki ijayo, na majaji hulala chini na tochi kutazama alama hizo. Marhoon alijaribu mwenyewe. Mkono wake kama wa mtu anayepaka mkate siagi.

Nikamuuliza: gari litakuwa juu kwenye lifti, na mimi nitakuwa chini yake? Akacheka sana. Akaniita Bi Khofu, jina nililopewa na mama yake. Ni kweli. Naogopa mtungi wa gesi. Naogopa wadi, yale makorongo ya mafuriko, hata mawingu yakiwa mbali. Nimemwapisha Marhoon asiguse simu akiwa anaendesha, hata nikimpigia mimi. Na sasa nimekubali kulala chini ya chuma kizito kuliko nyumba. Sijui ulimi wangu ulipita wapi.

Jumatano, 15 Januari

Nimerudi mzima! Alhamdulillah.

Nilisoma Ayat al-Kursi kabla ya kuingia chini. Thabit alinionesha vyuma vinavyoizuia lifti isishuke, akavipiga kwa nyundo ili nisikie. Sikutulia. Kila compressor, ile mashine ya upepo, ilipowaka nilitaka kukimbia.

Lakini kazi yenyewe—tamu! Picha kwenye simu pembeni, brashi nyembamba mkononi. Thabit kanieleza maana ya yale madoa. Kiwandani kule mtu mmoja alikuwa anakaza boliti, mwingine anahakikisha kwa spana ya kupimia nguvu, halafu ndipo anatia manjano. Maana yake: nimeikagua mimi, asiiguse mtu tena. Hata mafundi wake mwenyewe hufanya hivyo. Nikafikiria yule mkaguzi wa Marekani, pengine ana watoto watano na mgongo unamuuma, anatia doa, anatia doa. Na mimi leo naiga mkono wake. Nimeiga mpaka pale rangi yake ilipochuruzika.

Boliti za usukani zilinitesa. Ni tatu, zinashika sanduku la usukani kwenye chasisi, zimejificha. Washa ya moja, ile pete ya bati chini ya kichwa chake, ilikuwa inazunguka kila brashi ikiigusa, doa likaenda mshazari. Nikaishika kwa ukucha ndipo ikatulia. Zimetoka vizuri kuliko zote.

Thabit akaja kutazama, akauliza za usukani vipi. Nikamwambia zishafungwa. Akainama na tochi, akayaona madoa, akasema mashallah, khalas. Akaniuliza kama nachukua na kazi ya magari mengine. Nikacheka. Huyo Thabit wazee wake walikuwa Tabora, Kiswahili chake cha bara kimenyooka kuliko chetu. Hata "shwari" anaona ni neno la baharini!

Ijumaa, 17 Januari

Chakula cha mchana kwa Mama mkwe. Marhoon kawapitishia wote picha za madoa yangu. Mama, Bi Sayyida mwenyewe, akavaa miwani. Akasema, "Nnaona Bi Khofu kaingia chini ya gari. Dunia inakwisha." Watu wakacheka mpaka wali ukampalia mtu.

Halafu binti yetu Nouf akasema atakwenda Yiti na baba yake, atakaa mbele. Ana miaka kumi na tisa, haombi tena ruhusa siku hizi, tunaarifiwa. Nikasema ile barabara ya Yiti inateremka vibaya, ina kona, upande mmoja mlima na upande mmoja hakuna kitu. Wakacheka tena. Mama akanipigapiga paja: "Kwa mwoga huenda kicheko, mwanangu."

Hakuimalizia. Ile nusu ya pili—kwa shujaa huenda kilio—hakuna aliyeitaja. Mimi ndiye niliyeimalizia, kimoyomoyo, na sahani nikaisukuma kando.

Jumatatu, 20 Januari

Mmarekani, yaani gari, amefika nyumbani. Mlio wake! Jirani alitoka nje na taulo. Marhoon anasema Thabit alilizungusha mle mle Rusayl, kaliona zuri, kamkabidhi ufunguo.

Akatuzungusha mtaani, Khuwair ya Kusini, mimi mbele, Nouf nyuma. Mwanzo nilifurahi, sisemi uongo. Watu wanasimama kutazama. Kisha tukafika kwenye mzunguko wa barabara, Marhoon akakata usukani, na gari—kwa muda wa kupepesa jicho—halikukata. Kisha likakata. Nikasikia tk, chini ya miguu yake.

Nikauliza ni nini. Akasema unacheza kidogo, magari ya kale ndivyo yalivyo, hayana ulaini wa gari lako la Kijapani. Nikashika mlango kwa mikono miwili. Nouf ananichekea nyuma, "Mama, la tkhafi!" Usiogope, usiogope. Nimeambiwa neno hilo maisha yangu yote, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na halijapata kunisaidia hata siku moja.

Jumanne, 21 Januari

Nimepaka hina maharusi wawili Seeb. Jani moja liliharibika, nikalifanya ua. Ile tk bado imo masikioni.

Alhamisi, 23 Januari

Niandike kwa utaratibu. Nikiandika kwa utaratibu pengine nitaona ni upuuzi.

Alasiri Nouf alikuwa anachagua picha za kuweka kwenye mtandao. Akafika kwenye boliti za usukani. Akaniuliza rangi hii ina maana gani. Nikamjibu kwa fahari: maana yake mtu amekaza, na mwingine amehakikisha. Akasema, "Aha. Nani alikaza?"

Basi. Kitu hicho tu. Akaendelea na simu yake, na mimi nikakiweka kikombe changu chini.

Nani alikaza? Ile washa ilikuwa inazunguka. Niliishika kwa ukucha! Boliti ikikazwa, washa yake haizunguki brashi ikiigusa. Mimi si fundi lakini kifuniko cha chupa nakijua.

Nikamngoja Marhoon amalize kula. Nikamwambia polepole, bila kupandisha sauti, maana nikipandisha tu nimeshindwa. Baba Nouf, zile boliti za usukani zilikazwa? Akasema Thabit kakaza. Ulimwona? Hakumwona, lakini Thabit si mtoto. Nikamwambia juu ya washa. Akavuta pumzi ndefu, ile ya "ameanza tena." Halafu akachukua tochi, akanishika mkono, tukatoka, akalala kwenye vigae kwa kanzu yake nyeupe, akamulika.

"Njoo utazame mwenyewe. Manjano hiyo hapo. Imekaguliwa!"

Nikasema ile manjano ni yangu mimi, Marhoon. Nimeipaka mimi!

Akasema Thabit asingeniacha nipake kitu ambacho hakijakazwa, ndiyo maana ya alama. Akajipangusa kanzu. Akanibusu utosini, akasema nilale, kesho niwaombee dua na niwapikie kitu kizuri.

Kila mtu anaitazama rangi yangu na moyo wake unatulia. Isipokuwa wangu.

Thabit yuko Ibra, mbali na hapa, kafiwa na mjomba wake jana. Kumpigia mtu msibani kumuuliza boliti? Nilishika simu, nikaiweka. Nikashika tena. Nikaona aibu. Nimeandika ujumbe: pole nyingi kaka Thabit, Mungu amrehemu marehemu, ukipata nafasi nambie boliti za usukani alikaza nani. Tiki moja tu, haujamfikia. Simu yake imezimwa.

Pengine ni upuuzi. Nimeandika kwa utaratibu na bado sioni kama ni upuuzi. Kesho kabla hawajatoka nitasimama mbele ya gari. Wacheke watakavyo.

Ijumaa, 24 Januari

Wameondoka.

Nilisali alfajiri, nikajilaza kidogo tu, usingizi ukanichukua. Walilisukuma gari mpaka barabarani kabla ya kuliwasha ili wasiniamshe. Nouf kaniandikia kikaratasi kwenye friji: tumeona umelala vizuri, tukakuonea huruma. Huruma!

Nilitoka kumwagilia mrehani, najiambia watakuwa salama, watakuwa salama. Pale maegeshoni, kwenye vigae, palikuwa na boliti.

Kichwa chake kina doa la manjano. Limekwenda mshazari. Ni lile lililonitesa.

Niliiokota, nikakimbilia simu.

Nimempigia Marhoon. Inaita, inaita, inakatika. Tena. Tena. Hashiki. Hashiki kwa sababu mimi nilimwapisha! Nikamsifia kwa watu, mume wangu akiendesha hashiki simu hata ya waziri. Simu ya Nouf haipatikani kabisa. Milima.

Nikawapigia polisi. Kijana mmoja mpole, akauliza namba ya gari, rangi, linaelekea wapi. Namba sikuikumbuka, nikaenda kuitafuta kwenye picha, picha zote za boliti, boliti, boliti. Mwishowe nikaipata. Anasema doria itatumwa upande wa Yiti. Akaniambia nitulie, mama. Namshukuru lakini situlii.

Kisha Thabit akapiga. Sauti ya mtu ambaye hajalala.

"Dada Manal, samahani, nilizima simu. Zile boliti si alikaza Marhoon?"

"Marhoon anasema umekaza wewe."

Nyuma yake watu wanasoma Yasini.

"Mimi niliziweka kwa vidole tu, nikingoja mpira mmoja wa usukani ufike. Yeye huwa anakuja jioni kufanya kazi mwenyewe, nikajua ameutia na kukaza. Nikakuuliza wewe. Si uliniambia zishafungwa?"

"Nilisema madoa, kaka Thabit! Madoa ndiyo niliyoyafunga!"

Hakuelewa. Atayaelewaje? Sisi wapaka hina ukimaliza ua unalifunga, unatia nukta ya mwisho, umelifunga, unahamia kidole kingine. Bibi yangu alisema hivyo, mama yangu kasema hivyo, mimi nasema hivyo bila kufikiri. Kumbe kwa mafundi kufunga ndiko kukaza. Neno moja! Nilimwambia fundi kwamba boliti zimekazwa, na chini yake nikatia sahihi ya mkaguzi.

"La ilaha illa Llah," akasema Thabit. Akauliza ngapi zimeanguka. Nikamwambia moja, nnayo mkononi. Akasema mbili zinaweza kushika kwenye barabara nyoofu. "Lakini asiteremke ule mlima, dada. Mwambie asimame popote alipo. Mimi natoka Ibra sasa hivi."

Asimame. Nimwambie kwa mdomo upi?

Nimempigia dada yangu Rahila, ana gari kubwa, yuko njiani kuja kunichukua. Nimemwambia aende mbio, mimi! Niko getini nimevaa buibui juu ya nguo ya kulalia, naandika juu ya paja kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga mayowe. Nimesoma kila dua ninayoijua. Naomba jambo moja tu, Ya Rabbi, wanirudie wote wawili, na wanicheke. Wanicheke mpaka nife. Nitakaa kwa Mama kila Ijumaa nichekwe, sitanuna hata siku moja.

Simu imelia.

Ni Nouf! Picha. Wamesimama juu kabisa, bonde lote liko chini yao, Marhoon kaegemea boneti na miwani ya jua, kifua mbele kama kijana. Na maneno: Mama, mtandao hapa unakuja na kwenda. Baba anasema leo usukani unacheza dansi hahaha. Tumepumzika, sasa tunateremka. La tkhafi.

Nimeandika MSITEREMKE. Nimeandika BOLITI IMEANGUKA. Nimeandika NOUF MWAMBIE BABA ASIMAME. Nimepiga, haipatikani. Nimeandika tena.

Rahila anapiga honi. Boliti imenichora kiganja kwa jinsi nilivyoibana, na rangi haijatoka hata kidogo, imekamata vizuri sana.

Tiki moja. Zote zina tiki moja.