Nyanya na Mwinjilisti wa Kitabuni

Pamela, acha hiyo kazi usome hii.

Nilikuwa namsomea nyanya ile riwaya ya mapenzi ya Kikristo, inayotokea kisiwani Mfangano mwaka wa 1964. Nikafika pale mwinjilisti Paul anamuaga mchumba wake ufukweni. Analia, anasema Mungu amemwita mbali.

Nyanya akanikatiza: "Uongo! Elkanah hakulia hata kidogo."

ELKANAH, Pamela! Kitabuni ni Paul! Na marehemu babu alikuwa Elijah!

Nikamuuliza polepole, "Dana, nyanya yangu, Elkanah ni nani?"

Akaangalia dirishani, eti hajasikia. Huyu mama anasikia hata kuku akitembea!

Nikarudia. "Elkanah ni nani?"

Akasema, "Wewe soma. Nataka kujua kama huyu wa kitabuni alirudi."